KUTUMIA KWA PAMOJA VIFAA VYA USB KATIKA MTANDAO WA AFISI

Maelezo kwa watumishi wa umma na wananchi

Ni jambo la kawaida katika afisi za Unguja na Pemba kukuta kompyuta tano au sita na printa moja tu. Printa hiyo huwa imeunganishwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya mtumishi mmoja. Mtumishi mwengine anapotaka kuchapisha barua, hulazimika kuitia barua hiyo kwenye flashi, kuinuka, kwenda kwenye meza ya mwenzake na kumwomba asimamishe kazi aliyokuwa nayo. Mwenye kompyuta hukatizwa kazi, mwenye barua hupoteza wakati, na mwananchi anayesubiri cheti chake huzidi kusubiri. Aidha, flashi inayotembea kutoka kompyuta moja hadi nyengine ni miongoni mwa njia kubwa za kuenezea virusi vya kompyuta.

Tabu hiyo ina dawa. Kompyuta ambazo zimekwisha kuunganishwa katika mtandao wa ndani wa afisi zinaweza kutumia kwa pamoja printa, diski, skana na vifaa vyenginevyo, bila ya kulazimika kununua kifaa kwa kila meza. Hata hivyo, ipo tofauti ambayo aghalabu husahauliwa, nayo ndiyo kiini cha maelezo haya. Kuna vifaa ambavyo watu wengi wanaweza kuvitumia kwa wakati mmoja. Kuna vifaa ambavyo huazimwa kwa zamu. Na kuna vifaa ambavyo havifai kushirikishwa kabisa. Asiyeijua tofauti hiyo anaweza kupoteza kumbukumbu za afisi, au siku moja kuikuta saini yake kwenye hati ambayo hakuisaini.

ASILI NA TABIA YA USB

Toleo la kwanza rasmi la utaratibu wa USB lilitolewa mwezi wa Januari 1996, baada ya kutayarishwa na makampuni saba: Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel. Kabla ya hapo vifaa vilikuwa na matundu ya aina mbali mbali nyuma ya kompyuta: printa ilikuwa na tundu lake, kibodi lake, na modemu lake. USB ilikusudiwa kuondoa usumbufu huo kwa kuweka tundu la aina moja litakalopokea vifaa vyote. Toleo la kwanza lilipitisha taarifa kwa kasi isiyozidi megabiti 12 kwa sekunde. Toleo la 2.0, lililotolewa mwezi wa Aprili 2000, lilifikisha megabiti 480, na toleo la 3.0 la mwezi wa Novemba 2008 lilifikisha gigabiti 5.

Kasi imeongezeka, lakini tabia ya msingi imebaki vile vile. Katika USB, kompyuta ndiyo inayoongoza mazungumzo, na kifaa hutekeleza kinachoamrishwa. Kompyuta moja inaweza kuongoza vifaa vingi, hadi 127 kwa hesabu ya utaratibu huo. Lakini kifaa kimoja hakiwezi kupokea amri za kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Laiti kompyuta mbili zingeiandikia diski moja, kila moja ikifuata hesabu yake ya wapi pana nafasi, moja ingeandika juu ya kazi ya nyengine, na zote mbili zisitambue mpaka jalada litakapotafutwa na lisionekane.

Jambo la pili ni urefu wa waya. Waya wa USB 2.0 hautakiwi kuzidi mita 5, ilhali waya wa kawaida wa mtandao wa afisi huweza kufika mita 100. Kwa hiyo, afisi inayotaka kukifikisha kifaa chumba cha tatu haiwezi kutegemea kurefusha waya wa USB. Ni lazima ipitie kwenye mtandao, na hapo ndipo zinapojitokeza njia mbili.

NJIA YA KWANZA: KUSHIRIKISHA HUDUMA

Katika njia hii kifaa hakitoki mikononi mwa kompyuta kilipochomekwa. Kompyuta hiyo, ambayo hapa itaitwa kompyuta mwenyeji, hubaki kuwa nahodha pekee, na kompyuta nyengine hupeleka maombi kwake.

Mfano ulio wazi ni printa. Mtumishi akiwa kwenye meza yake huamuru barua ichapishwe. Barua hiyo hupita kwenye mtandao na kuingia katika foleni ya kompyuta mwenyeji. Nayo huitoa printani kwa zamu yake. Watumishi sita wanaweza kupeleka barua zao katika dakika moja, na hakuna itakayochanganyika na nyengine, kwa sababu printa yenyewe inapokea amri kutoka mahali pamoja tu.

Diski nayo hufuata utaratibu huo huo. Kompyuta mwenyeji hufungua folda moja ya diski kwa ajili ya wengine, na kila anayetaka kuhifadhi au kusoma hati hupitia kwake. Mwenyeji ndiye anayeandika, kwa hiyo hesabu ya nafasi haigongani. Programu nyingi za kuandikia pia hutoa taarifa pale mtu wa pili anapofungua hati ambayo mwenzake anaifanyia kazi, na humruhusu aisome tu mpaka wa kwanza amalize.

Sharti kubwa la njia hii ni kwamba kompyuta mwenyeji iwe imewashwa muda wote wa kazi. Mwenye kompyuta hiyo akiizima na kwenda zake saa sita, afisi nzima hukosa printa. Ndiyo maana ni bora mwenyeji awe kompyuta isiyo ya mtu mmoja, au printa iunganishwe kwenye ruta yenye tundu la USB linalokubali kazi hiyo. Taasisi inayokusudia kununua printa mpya ina njia nyepesi zaidi: kuchagua printa yenye tundu lake la mtandao, ambayo haihitaji mwenyeji yeyote.

NJIA YA PILI: KUAZIMA KIFAA CHENYEWE

Si kila kifaa kina programu ya kupokea maombi ya watu wengi. Zipo skana, visomaji vya kadi, mashine za kupimia na funguo za leseni za programu, ambazo zimetengenezwa kwa kudhani kwamba kompyuta inayozitumia iko pale pale, mwisho wa waya. Kwa vifaa vya namna hiyo ilibuniwa njia ya kukihamisha kifaa chenyewe kupitia mtandao.

Kazi inayojulikana zaidi katika jambo hili ni ile iitwayo USB/IP, iliyoelezwa mwaka 2005 na Takahiro Hirofuchi pamoja na wenzake wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nara, nchini Japani. Mwaka 2014 programu hiyo ilitoka katika sehemu ya majaribio ya mfumo wa Linux na kuwa sehemu yake kamili. Kwa upande wa Windows, mwezi wa Novemba 2021 kampuni ya Microsoft ilieleza namna ya kuitumia programu huria iitwayo usbipd-win ili kifaa kilichochomekwa kwenye Windows kiweze kupatikana ndani ya mfumo wa Linux unaoendeshwa katika kompyuta hiyo hiyo. Zipo pia programu za kulipia zinazofanya kazi ya aina hiyo.

Utendaji wake ni kama ifuatavyo. Kompyuta mwenyeji hukiachilia kifaa na haikitumii tena. Kompyuta inayoazima hutengenezewa tundu la kubuni, yaani tundu ambalo halionekani kwa macho lakini mfumo wa kompyuta hulihesabu kuwa lipo. Kila amri inayokwenda kwenye tundu hilo hufungwa kama kifurushi, hupelekwa kwenye mtandao, hufunguliwa kwa mwenyeji na kupewa kifaa. Jibu nalo hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa kompyuta inayoazima, kifaa kimekuwa kana kwamba kimechomekwa ubavuni mwake.

Kutokana na utendaji huo, yafuatayo hayana budi kueleweka:

(a) Kifaa huazimwa na kompyuta moja kwa wakati mmoja. Maadamu kimeazimwa, wengine wote hukikosa, na hata mwenyeji mwenyewe hukikosa.

(b) Kasi hutegemea mtandao. Hati yenye ukubwa wa gigabaiti 1 ni sawa na megabiti 8,000. Katika mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, hati hiyo haiwezi kupita kwa muda unaopungua sekunde 80. Katika mtandao wa megabiti 1,000, si chini ya sekunde 8. Kwa kawaida muda halisi huzidi hapo, hasa wengine wanapoutumia mtandao huo huo.

(c) Kamera na vipaza sauti havifai sana kwa njia hii, kwa kuwa vinahitaji taarifa zifike kwa mfululizo usiokatika, na mtandao hautoi dhamana hiyo.

(d) Mtandao ukikatika, au umeme ukizimika kwa mwenyeji, ni sawa na mtu kuuchomoa waya ghafla. Ikiwa kifaa ni diski na kuandika hakujamalizika, hati zinaweza kuharibika.

KIFAA KIPI, NJIA IPI

Kwa kuzingatia hayo, mgawanyo ufuatao unaweza kuzisaidia taasisi katika kuamua.

Printa ishirikishwe kwa njia ya kwanza. Kuiazima kwa njia ya pili ni kuinyima afisi nzima kwa ajili ya mtu mmoja.

Diski ya nje na flashi zishirikishwe kwa folda, yaani kwa njia ya kwanza pia. Kuiazima diski nzima kuna maana pale tu fundi anapotaka kuichunguza au kuitengeneza akiwa mbali.

Skana ambayo haina tundu la mtandao inaweza kuazimwa kwa zamu. Penye kazi nyingi, ni bora karani mmoja akabidhiwe kunakili hati zote na kuziweka katika folda ambayo wahusika wanaruhusiwa kuifungua.

Ufunguo wa leseni, yaani kile kidude kinachochomekwa ili programu maalumu ikubali kufunguka, unaweza kuazimwa kwa zamu, lakini baada ya kusoma masharti ya leseni. Programu nyengine haziruhusu ufunguo wake utumiwe kupitia mtandao, na kufanya hivyo ni kuvunja mkataba.

Kamera, kibodi na kipanya vibaki na kompyuta zake.

Kifaa cha saini ya kielektroniki kisishirikishwe. Sababu zake zimeelezwa mbele.

UTARATIBU WA KUAZIMA NA KUREJESHA

Taasisi itakayoamua kutumia njia ya pili inashauriwa kuifuata hatua kwa hatua, chini ya usimamizi wa mtumishi anayehusika na kompyuta.

Kwanza, kompyuta mwenyeji ipewe anwani ya mtandao isiyobadilika. Anwani ikibadilika kila asubuhi, kompyuta nyengine hazitajua pa kukitafuta kifaa.

Pili, mwenyeji aorodheshe vifaa vilivyochomekwa na kuruhusu kimoja kimoja kwa jina. Kuruhusu vyote kwa mpigo ni kuacha mlango wazi kwa flashi ya mtu binafsi itakayochomekwa kesho.

Tatu, kompyuta inayoazima iwe na programu ya kukiendeshea kifaa hicho. Mtandao hupeleka kifaa tu. Hauipeleki programu yake.

Nne, anayemaliza kazi akirejeshe kifaa. Ikiwa ni diski, aifunge kwanza kwa amri ya kuitoa kwa salama, asubiri mpaka kompyuta ithibitishe, ndipo aikate. Kukosekana kwa hatua hii ndiko kunakoleta malalamiko kwamba "skana imekufa", ilhali skana ni nzima na imeshikiliwa na kompyuta ambayo mwenyewe amekwenda likizo.

Tano, liwekwe daftari dogo, au orodha kwenye folda ya pamoja, linaloonesha nani amekiazima kifaa, saa ngapi, na amekirejesha saa ngapi. Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini programu ya USB/IP haina foleni wala haitoi zamu. Zamu hupangwa na watu wenyewe.

HATARI NA TAHADHARI

Ni muhimu ikafahamika kwamba USB/IP katika hali yake ya asili haifumbi taarifa zinazopita, wala haimwulizi anayeazima neno la siri. Yeyote aliyemo katika mtandao huo na anayeweza kuufikia mlango namba 3240 wa kompyuta mwenyeji anaweza kukiomba kifaa na kukipata. Hati ya mwananchi inayonakiliwa kwa skana iliyoazimwa, iwe ni cheti cha kuzaliwa au ripoti ya daktari, husafiri kama barua isiyotiwa bahasha.

Kwa hiyo njia hii itumike ndani ya mtandao wa afisi pekee. Mlango huo usifunguliwe kwa intaneti kwa hali yoyote, na ukuta wa ulinzi wa kompyuta mwenyeji uruhusu zile kompyuta zinazohusika tu. Wageni wanaopewa intaneti katika ukumbi wa kusubiri wawe na mtandao wao mbali. Pale ambapo matawi mawili ya taasisi yanahitaji kuazimana kifaa, taarifa zipitishwe katika njia binafsi iliyofumbwa, itakayowekwa na mtaalamu.

Njia ya kwanza nayo haikusalimika na hatari. Mwezi wa Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi nyingi kwa kupitia udhaifu uliokuwamo katika utaratibu wa zamani wa Windows wa kushirikisha folda. Hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi na matibabu ya wagonjwa. Marekebisho ya udhaifu huo yalikuwa yamekwisha kutolewa mwezi wa Machi mwaka huo, yaani miezi miwili kabla. Waliodhurika kwa sehemu kubwa ni wale ambao kompyuta zao hazikuwekewa. Mwezi wa Julai 2021 Microsoft ililazimika tena kutoa marekebisho ya dharura, mara hii kwa udhaifu uliokuwamo katika sehemu inayosimamia foleni ya printa.

Mafunzo yake ni mawili. Kompyuta inayoshirikisha kitu chochote kwa wengine iwekewe marekebisho ya mfumo kila yanapotoka. Pia folda ishirikishwe kwa majina ya watu wanaohusika, kila mmoja na neno lake la siri. Folda iliyoandikwa "kila mtu" ni sanduku lisilo kufuli.

Vile vile, isidhaniwe kwamba kutumia mtandao kunaondoa virusi vya flashi. Virusi vilivyoitwa Conficker, vilivyojitokeza mwishoni mwa mwaka 2008, vilienea kwa mtandao na kwa flashi pia. Flashi yenye virusi ikiazimwa kwa mtandao, kompyuta inayoazima huipokea kana kwamba imechomekwa kwake, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake.

SAINI YA MTUMISHI NI AMANA

Miongoni mwa vifaa vya USB kimo kimoja kidogo ambacho thamani yake haipimwi kwa bei. Hicho ni kifaa cha saini ya kielektroniki, ambacho ndani yake mna ufunguo wa siri wa mtu mmoja. Hati inaposainiwa kwa ufunguo huo, wanaoipokea huamini kwamba mwenye ufunguo ameisoma na kuikubali. Haiandikwi popote kwamba kifaa kilikuwa kimeazimwa.

Mkuu wa idara anayekiacha kifaa chake kimechomekwa kwenye kompyuta iliyomo katika utaratibu wa kuazima, na nambari yake ya siri ikawa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni, amempa kila aliyemo katika mtandao uwezo wa kusaini kwa jina lake. Malipo yatakayoidhinishwa kwa njia hiyo yataonekana ameyaidhinisha yeye. Siku ya ukaguzi atakuwa na dai tu la kusema hakuwapo, na mkaguzi atakuwa na saini.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha aina hii kitunzwe kama unavyotunzwa muhuri wa afisi: kichomekwe wakati wa kusaini, kichomolewe kazi inapomalizika, na kifungiwe. Anayesafiri akabidhi madaraka kwa utaratibu uliowekwa, na anayekaimu atumie saini yake mwenyewe. Kuazimana saini kwa nia njema ya kuharakisha kazi bado ni kuazimana saini.

KWA WANANCHI, SKULI NA WENYE MADUKA

Maelezo haya hayawahusu watumishi wa serikali peke yao. Skuli yenye chumba cha kompyuta inaweza kuwa na printa moja yenye foleni badala ya printa nne zinazomaliza wino kwa zamu. Mwenye duka la uchapaji anayepokea flashi za wateja anashauriwa kutenga kompyuta moja kwa kazi hiyo, iwe na programu ya kuzuia virusi, na kutoka hapo apeleke printani kwa mtandao. Kompyuta anayowekea hesabu zake isipokee flashi ya mtu. Mwananchi anayepeleka hati zake kunakiliwa anayo haki ya kuuliza nakala itahifadhiwa wapi na nani ataifungua.

MUHTASARI

Kabla ya kushirikisha kifaa chochote, mhusika ajiulize maswali matatu. Je, kifaa hiki kinaweza kuhudumia wengi kupitia kompyuta moja? Kama ndiyo, ishirikishwe huduma yake. Je, kinahitaji kuwa mikononi mwa mtu mmoja kwa wakati? Kama ndiyo, kiazimwe kwa zamu, ndani ya mtandao wa afisi, na kirejeshwe. Je, kinabeba jina na dhamana ya mtu? Kama ndiyo, kibaki na mwenyewe.

Taasisi ambayo haijawa na uhakika na hali ya mtandao wake inashauriwa ianze na printa moja na folda moja, iangalie matokeo yake, ndipo iendelee na vifaa vyengine.